Jina na Ushahidi Wake

Likizo iliyopita nilikusudia kuandika asili ya jina la ukoo wetu katika Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2003 na kuandikwa na watu wa kujitolea. Jina lenyewe ni la Kiarabu; basi nikaandika kwamba wazee wetu walitoka Arabuni.

Kabla ya kuipeleka habari ile nilimsomea babu, hapa Ikwiriri. Alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, sisi ni Wandengereko. Hilo ni jina la baba yangu tu, alipewa kwa ajili ya dini."

Hapo nilijifunza mambo mawili. Kwanza, maana ya jina siyo asili ya watu. Tena, jina la mwisho si lazima liwe la ukoo. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mbunge wa Rufiji, aliitwa Mohamed kwa jina la baba yake.

Pili, kamusi elezo hutaka maandishi yaliyochapishwa, ili msomaji mwingine aweze kuyahakikisha. Maneno ya babu hayakuchapishwa popote. Kwa hiyo sikuyapeleka, ingawa nilisikitika.

Badala yake nilichukua daftari. Nikaandika maneno yake, tarehe, na jina la kijiji. Kisha nikamwuliza mzee wa pili, peke yake. Walipohitilafiana, niliandika kauli zote mbili.

Wenzangu, fanyeni hivyo hivyo wazee wangali hai. Mzee akifa, hakuna wa kuulizwa tena.