Somo: Risasi haifunguliwi nyumbani
Huko Marekani wako watu wanaojaza upya maganda ya risasi nyumbani kwa kujifurahisha: fataki mpya kitakoni, baruti ndani, kichwa juu. Wana mashine na mizani. Hata hivyo, baruti ikizidi, bunduki yaweza kumpasukia mtu usoni.

Kwetu watoto huokota masasi shambani ili kuuza shaba, na mnunuzi haulizi imetoka wapi. Ganda lililotumika halina kichwa, na kitako chake kina alama ya kupigwa. Lakini mkiona alama hiyo na kichwa bado kipo, msidhani imekufa: ilikataa kulipuka, baruti ingali ndani. Msiiguse, msiigonge, msiitupe motoni. Waondoeni watoto, mwiteni chifu.