Bomba Lililopasuka kwa Baridi

Swali: Tumehamia Evergreen, Colorado, penye vilima vya Rocky; bomba limeganda likapasuka, na kuta zimelowa. Je, zikikauka kwa nje, yatosha?

Jibu: La, ndugu yangu, haitoshi hata kidogo. Ukiisha kufunga koki kuu na kukata umeme, hali umesimama pakavu, ikate bodi ya jasi iliyorojeka, kwa sababu pamba ya kioo iliyo nyuma yake hushika maji siku nyingi, na kuvu, ambayo ni dhara kubwa kwa vifua vya watoto, yaweza kuanza kumea baada ya saa 24 hadi 48. Fundi akishathibitisha usalama wa umeme, washa hita, feni na mashine ya kufyonza unyevu, madirisha yakiwa yamefungwa, wala usiuzibe ukuta kabla mbao za ndani hazijapimwa kwa kipimo cha unyevu.