SOMO LA KILIMO: MBOLEA TUNAYOAGIZA NA KAZI YA MIZIZI



Kila msimu chama kinapoagiza mbolea, swali la kwanza huwa ni bei ya mfuko. Swali hilo ni la haki, maana mbolea ya mkopo hulipwa kwa mazao. Lakini mfuko wa bei nafuu waweza kumgharimu mkulima zaidi ikiwa aina yake haipatani na udongo wake.

1. Kilichomo mfukoni

Mfuko wa kilo 50 wa Salfeti ya Amonia (S.A.) una naitrojeni kilo 10.5 hivi, wa C.A.N. una kilo 13. Wa Urea una kilo 23. Katibu na agawanye bei kwa kilo hizo kabla ya kulinganisha.

2. Jinsi mizizi inavyokula

Mmea hupokea naitrojeni kwa sura mbili hasa: amonia na naitreti. Mizizi ikila amonia, hutoa uchachu nje, na udongo ulio jirani huchachuka. Ikila naitreti, uchachu hupungua.

Hapo ndipo vyakula vingine huguswa. Amonia nyingi hushindana na potasi, kalisi na magnesi katika kuingia mizizini. Katika udongo wenye chokaa nyingi, uchachu wa amonia hufaa, kwani huyeyusha fosforasi na zinki zilizofungwa. Lakini katika udongo uliokwisha kuwa mchachu, fosforasi huzidi kufungwa, na alumini huyeyuka ikadumaza ncha za mizizi. Mkulima huona mimea imedumaa, akaongeza mbolea ileile. Mavuno hayapandi, ila deni.

3. Kupatanisha mbolea na udongo

S.A. yafaa chai, ipendayo udongo mchachu. Kwenye kahawa, kuimwaga mwaka hata mwaka chini ya mti uleule huharibu udongo: mfuko mmoja wahitaji kama kilo 55 za chokaa safi kuuondoa uchachu wake. C.A.N. ina chokaa ndani yake, hivyo huchachusha kidogo sana. Urea ifukiwe, kwani ikiachwa juu ya ardhi sehemu yake hupotea hewani. Naitreti huoshwa na mvua kubwa. Basi mbolea ya kukuzia igawanywe mara mbili au zaidi.

4. Wajibu wa chama

Kabla ya kuagiza, chama kishirikiane na Bwana Shamba kupeleka udongo wa wanachama ukapimwe. Penye uchachu, chokaa iagizwe pamoja na mbolea, wala samadi isidharauliwe.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

(a) Chama chetu kimeagiza mbolea gani kwa misimu mitatu iliyopita, na kwa nini?
(b) Kilo moja ya naitrojeni ilitugharimu kiasi gani?
(c) Ni mashamba yapi yaliyopewa mbolea zaidi bila mavuno kuongezeka?