SOMO: INTANETI NA KISIMA CHA KIJIJI

Zamani misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa kwetu Tabora. Wapagazi walifuata njia yenye visima, na watemi walilipwa hongo. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji, biashara ikakwama. Mwenye njia ndiye mwenye bei!

Sasa tutazame intaneti. Mtoto akichaguliwa kidato cha tano, maelekezo ya kujiunga na shule hutolewa humo. Mama mmoja wa darasa letu alipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, wapi! Ikambidi auze kuku wawili, apande bodaboda mpaka mjini kuchapisha karatasi chache tu.

Mbona minara haifiki? Kampuni hujenga penye wateja wengi. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kampuni za simu huchangia, na mfuko hutoa ruzuku minara ijengwe vijijini.

Lakini mnara ni nusu ya kazi. Bando likiisha, unautazama tu. Bei ya maji ya bomba mijini hupitishwa na EWURA, na wananchi huitwa kutoa maoni yao. Mimi naona hata bei ya bando tuulizwe sisi wa vijijini.

Jadilini kikundini: Je, shule au ofisi ya kijiji chenu ina intaneti? Nani huruhusiwa kuitumia?