Kuhama Kampuni ya Intaneti

Swali: Msomaji wa Ujiji anauliza iwapo ahame kampuni ya intaneti ya nyumbani, kwa kuwa kasi hushuka kila jioni.

Jibu: Kasi inayoshuka jioni tu, mtaa mzima unapokuwa umerudi nyumbani, kwa kawaida hutokana na msongamano, yaani wateja wengi kugawana mawimbi ya mnara mmoja, na hapo kuhamia kampuni yenye mnara usioelemewa huweza kuleta nafuu. Kuhama hakufui dafu pale hitilafu inapokuwa mbali: Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya Bahari ya Hindi zilipokatika, kampuni kadhaa nchini ziliyumba kwa pamoja. Kabla ya kununua ruta mpya, inafaa kuazima kwa jirani laini ya kampuni inayokusudiwa na kuipima nyumbani saa mbili usiku. Malalamiko yasiyotatuliwa na kampuni hupelekwa TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano.