Dondoo muhimu: Gawa diski, lakini nakala ikae nje

Habari za wafalme wa Pate, kwenye pwani ya Kenya, zimetufikia kwa nakala na masimulizi tu, kwani inaelezwa kuwa kitabu cha asili kilipotelea Witu, Waingereza walipoushambulia mji huo mwaka 1890. Kilichookoka ni kile kilichokuwa mahali pengine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kugawa diski ya kompyuta si kuweka akiba: sehemu zake, C na D, zimo ndani ya chombo kimoja, na kikifa zinakufa pamoja.

Wapo watakaouliza, basi kugawa kuna faida gani? Ipo. Ukilazimika kusakinisha Windows upya kwenye C, faili za D hubaki, mradi usifute diski nzima. Ukiamua kugawa, anza kwa kunakili kila kitu kwenye diski ya nje, tengeneza flashi ya kurejesha mfumo (GB 16 au zaidi), na uandike karatasini ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski. Chomeka chaja, kisha tumia zana ya Windows yenyewe kupunguza C na kuunda D. Vile visehemu vidogo visivyo na herufi, vya kuwashia na kurejesha mfumo, usiviguse hata vikionekana kula nafasi bure; kwa mtu wa Siyu, kisiwani Pate, kosa hapo huenda likamlazimu kupanda boti Mtangawanda hadi Lamu kumtafuta fundi. Diski ya nje nayo isilale mkoba mmoja na kompyuta. Iweke nyumba nyingine, ifungie isipate hewa ya chumvi, na mara kwa mara jaribu kufungua faili zake.