Kukwea Mti Ukiwa Mtu Mzima

Ukienda likizo Sori, kando ya Ziwa Victoria, ukakuta mwembe wa boma umezaa, hamu ya kukwea itakujia. Si upuzi. Huko Atlanta, Marekani, Peter Jenkins alianza mwaka 1983 kuwafundisha watu wazima kukwea kwa kujifurahisha, lakini wakiwa wamefungwa kamba na mikanda.

Mwili wako si ule wa utotoni. Uzito umezidi, na mikono iliyozoea kalamu huchoka upesi. Kama huna kamba, usipite kimo chako. Angalia nyuki kwanza. Epuka tawi kavu na gome lililolowa. Kila unapohamisha mkono au mguu mmoja, vile vitatu vingine viwe vimeshika mti.

Mtu akianguka, akalalamika shingo, mgongo au ganzi miguuni, msimwinue kwa makwapa wala kumketisha kwenye bodaboda. Mwaweza kuharibu mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo, apooze. Mmoja ashike kichwa kisitikisike. Ikiwa gari la wagonjwa halipatikani, wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo, wamlaze juu ya ubao au mlango uliong'olewa, apelekwe hospitali, mathalani St. Camillus ya Karungu.